Aliir Aliir na Kipimo Kilichorukwa: Uchambuzi wa Kisa cha Beki wa Port Adelaide

Jumamosi ya tarehe 29 Julai 2023, katika uwanja wa Adelaide Oval, kusini mwa Australia, mabeki wawili wa Port Adelaide, klabu ya mpira wa Kanuni za Australia, waliufuata mpira mmoja na vichwa vyao vikagongana kwa nguvu. Mmoja alikuwa Lachie Jones. Mwingine alikuwa Aliir Aliir, mzaliwa wa Kakuma nchini Kenya, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametajwa katika kikosi cha wachezaji 22 bora wa ligi nzima. Aliir alitolewa nje, akaangaliwa na daktari wa timu yake, kisha akarudishwa kuendelea na mchezo bila kufanyiwa kipimo rasmi cha mtikisiko wa ubongo. Siku chache baadaye AFL, ligi kuu ya mchezo huo, iliitoza Port Adelaide faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa kwa masharti, na klabu ikaikubali adhabu hiyo pamoja na kukiri kwamba kipimo kilipaswa kufanyika.

Kwa kawaida kisa cha namna hii hujadiliwa kama habari ya daktari aliyekosea, na mjadala huishia kwenye swali la kama alistahili lawama kubwa au ndogo. Mtazamo huo una haki yake, lakini unaacha nje mambo mawili ambayo ndiyo yanayokifanya kisa hiki kiwe na uzito: aina ya kazi aliyokuwa akiifanya Aliir uwanjani, na namna mchezo ulivyopangwa kiasi kwamba uamuzi mgumu kuliko wote ulimwangukia mtu aliyekuwa na muda mfupi kuliko wote. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kipimo kile kiliwekwa kwa ajili ya nyakati ambazo kila mtu, akiwemo mchezaji mwenyewe, anaamini kwamba hakihitajiki. Na kwamba kukiruka wakati huo ni kukiondolea sababu yake yote ya kuwepo.

Tuanze na mchezaji. Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, huko Turkana, katika familia iliyokuwa imekimbia vita vya Sudan. Kambi yenyewe wakati huo ilikuwa changa, kwa kuwa ilifunguliwa mwaka 1992, na taifa la Sudan Kusini lilikuwa bado miaka 17 mbele. Alikuwa bado mtoto familia yake ilipopata makazi Australia, kwanza katika jiji la Brisbane, ambako raga ina mashabiki wengi kuliko mpira wa Kanuni za Australia, na baadaye Perth, upande wa magharibi, ambako mambo ni kinyume chake. Mchezo huu aliukuta akiwa tayari kijana wa rika la sekondari. Jambo hilo si dogo, kwa sababu wengi wa wale aliokuja kushindana nao walikuwa wamelishika lile tufe la mviringo wa yai tangu wakiwa na miaka mitano au sita, wakapitia timu za watoto, za mitaa na za majimbo kabla hata ya kufikisha miaka 18.

Alicheza East Fremantle, klabu ya ligi ya Australia Magharibi, na mwaka 2013 Sydney Swans wakamchukua katika drafti, ule utaratibu ambao vilabu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu na mchezaji hana sauti kuhusu mji atakaopelekwa. Jina lake lilisomwa katika nafasi ya 44. Hakuingia kikosi cha kwanza mara moja. Alikaa na timu ya akiba hadi mwaka 2016 alipopewa mchezo wake wa kwanza wa ligi, na msimu huo huo akawa sehemu ya safu ya ulinzi iliyoifikisha Sydney fainali. Fainali yenyewe hakuicheza: aliumia goti katika nusu fainali dhidi ya Geelong, akabaki kuwatazama wenzake wakifungwa pointi 89 kwa 67 na Western Bulldogs, klabu iliyokuwa haijatwaa ubingwa tangu mwaka 1954. Msimu wa 2017 alicheza mara chache sana. Akarudi, akajijenga upya, na mwishoni mwa mwaka 2020 Sydney wakakubali kumwachia aende Port Adelaide.

Uhamisho huo haukupigiwa kelele. Port Adelaide walikuwa wametoka kumaliza msimu wa kawaida wakiongoza msimamo na kisha kupoteza nusu fainali nyumbani kwao mbele ya Richmond kwa tofauti ya pointi 6 tu, kwa hiyo walikuwa wanatafuta kipande kimoja kilichopungua, na kipande hicho kilikuwa beki mrefu mwenye uwezo wa kuusoma mpira ukiwa angani. Walipompata walimwachia afanye jambo analolifanya vizuri kuliko mengine yote. Mwaka 2021, msimu wake wa kwanza pale, alitajwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Kabla yake Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa ameshafungua njia mwaka 2013 kwa kuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Sudan kucheza katika ligi hiyo. Lakini Aliir ndiye aliyewafanya makocha wa timu pinzani wakae chini na kupanga mashambulizi yao kwa kumkwepa mtu mmoja.

Ni lazima sasa tueleze kazi hiyo ni ipi, kwa maana msomaji aliyezoea soka anaweza kudhani beki ni beki. Uwanja wa mpira wa Australia una umbo la duara refu, na urefu wake hufikia baina ya mita 135 na 185. Kila upande una wachezaji 18. Mchezaji anayeudaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi, kabla haujaguswa na mtu mwingine wala kudunda, anapewa haki ya kusimama na kuupiga bila kubughudhiwa. Kwa hiyo timu inayoshambulia hupiga mpira mrefu kuelekea golini, na mshambuliaji mrefu huruka ili audake. Beki wa kawaida anamfuata mshambuliaji wake na kumsukuma, au anaupiga mpira ngumi ili usidakwe. Beki mkatizaji, kama Aliir, anafanya jambo la hatari zaidi: anamwacha mtu wake, anakisia mpira utaangukia wapi, na anakimbia kwenda kuudaka yeye mwenyewe. Akikisia sawa, shambulizi la adui limegeuka kuwa shambulizi la timu yake katika sekunde moja. Akikosea, mtu wake yuko peke yake mbele ya goli lenye thamani ya pointi sita.

Tazama mwili wake ulivyo katika sekunde hiyo. Macho yako juu. Mikono imeinuliwa, kwa hiyo mbavu na uso havina kinga. Miguu inakimbia au imeshaiacha ardhi. Hajui nani anakuja kutoka pembeni, wala nani anakuja kutoka nyuma, kwa kuwa katika mchezo huu hakuna kuotea na wachezaji wa timu zote mbili wamesambaa kila mahali. Pigo linaweza kutoka upande wowote. Wengi hawavai kofia ya kinga, na hata kofia laini zinazovaliwa na wachache hazizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Sifa inayomfanya beki wa aina hii alipwe vizuri ni utayari wake wa kutogeuza macho kutazama kinachomjia. Makocha huiita ujasiri, na kwa hakika ni ujasiri, lakini katika uchambuzi wa ajali ni lazima tuiite pia kwa jina lake la pili, yaani kujiweka hatarini kwa makusudi na kwa kurudiarudia, kama sehemu ya majukumu ya ajira.

Hatari hiyo huongezeka pale mabeki wawili wa timu moja wanapofanya uamuzi ule ule kwa wakati mmoja. Mpinzani anayekugonga kichwa kwa uzembe atafikishwa mbele ya baraza la nidhamu la ligi na anaweza kufungiwa mechi kadhaa. Katika miaka ya karibuni baraza hilo limekuwa kali, na ukali huo umebadilisha namna wachezaji wanavyoingia kwenye mgongano. Mwenzako akikugonga, baraza halina kesi ya kusikiliza. Katika kisa cha Adelaide Oval hapakuwa na mkosaji wa kufungiwa, na kwa hiyo kinga yote iliyokuwa imebaki kwa Aliir ilikuwa ile ya kitabibu. Hili halikusemwa vya kutosha wakati ule. Ligi ilikuwa imewekeza nguvu nyingi katika kuadhibu mapigo ya wapinzani, ambayo ni halali kuadhibiwa, huku migongano isiyo na mkosaji ikitegemea uangalifu wa mtu mmoja aliyesimama kando ya uwanja.

Mtu huyo alikuwa na chombo cha kutumia. Kipimo kilichokuwa kikitumika kinajulikana kwa kifupi chake, SCAT5, na kina hatua zinazofahamika. Mchezaji anaulizwa kwanza maswali ya hapo kwa hapo: tuko uwanja gani, ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mara ya mwisho, wiki iliyopita mlicheza na nani, mlishinda au mlishindwa. Kisha anasomewa orodha ya dalili 22, kuanzia maumivu ya kichwa hadi kuona ukungu na kujihisi mzito wa fikra, na kila dalili anaipa alama kuanzia sifuri mpaka sita. Anasomewa orodha ya maneno ayakariri, anatajiwa tarakimu azirudie kuanzia mwisho kwenda mwanzo, anataja miezi ya mwaka kinyumenyume. Anasimama kwa mguu mmoja akiwa amefumba macho na mikono imeshika kiuno, huku daktari akihesabu mara anazoyumba. Mwishoni kabisa, baada ya dakika kadhaa, anaulizwa tena yale maneno ya mwanzo, bila kusomewa upya. Matokeo yanalinganishwa na yale aliyoyapata akiwa mzima kabla ya msimu kuanza. Fomu yenyewe inasema waziwazi kwamba zoezi hili haliwezi kufanywa ipasavyo kwa muda wa chini ya dakika 10.

Dakika 10 ndiyo kiini cha kisa. Katika mchezo wa robo nne, kila robo ikiwa na dakika 20 zisizohesabu kusimama kwa mpira, dakika hizo ni nyingi mno kwa timu iliyo chini ya shinikizo. Mwaka 2023 wachezaji wanne walikaa benchi na kubadilishana na walioko uwanjani mara nyingi, hadi mabadiliko 75 kwa mechi, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kukimbia kwa kasi ile mchezo mzima. Mmoja akitolewa kwa ajili ya kipimo, watatu waliobaki walibeba zamu zake. Wawili wakiumia kwa pigo moja, kama ilivyotokea kwa Aliir na Jones, hesabu ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu kanuni ya wakati huo iliruhusu mchezaji mmoja tu wa akiba kuingia moja kwa moja badala ya mwingine. Katika misimu ya 2021 na 2022 akiba huyo alikusudiwa kwa majeruhi peke yao. Kuanzia 2023 kocha aliruhusiwa kumtumia kwa sababu yoyote, ikiwa ni pamoja na kumpumzisha mchezaji aliyechoka. Kwa maoni yangu badiliko hilo lilikuwa hatua ya kurudi nyuma, kwa kuwa liligeuza kinga ya afya kuwa silaha ya mbinu, na kocha anayetaka kuihifadhi silaha yake hadi robo ya mwisho anakuwa na sababu ya ziada ya kutamani kwamba majeruhi wake si majeruhi kweli.

Sisemi kwamba mtu yeyote wa Port Adelaide alimshinikiza daktari. Hakuna haja ya kudhania hivyo ili kueleza kilichotokea. Inatosha kuona hali ilivyokuwa: ni dabi ya Adelaide, ile inayoitwa Showdown, mechi ambayo mji mzima hugawanyika, Port Adelaide walikuwa wametoka katika mfululizo wa ushindi wa mechi 13 na sasa wamepoteza mbili zilizofuata, mchezaji anayeangaliwa ni nguzo ya ulinzi wao. Daktari anamtazama, anazungumza naye, anamwona anajibu vizuri, na anafikia hitimisho kwamba hana tatizo. Hilo ni tendo la daktari mzoefu anayeamini jicho lake. Tatizo ni kwamba mtikisiko wa ubongo ni mojawapo ya majeraha yanayolidanganya jicho. Mtu hahitaji kupoteza fahamu ili awe ameupata. Dalili zinaweza kuchelewa kwa dakika au kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kipimo kina ile sehemu ya kurudi kwenye maneno baada ya muda kupita: kinamsubiri mgonjwa aharibike, jambo ambalo mazungumzo ya dakika moja kando ya uwanja hayawezi kulifanya.

Na ushahidi wa mchezaji mwenyewe hautoshi. Mchezaji wa kulipwa ambaye ameulizwa kama yuko sawa ana kila sababu ya kusema ndiyo. Anataka kucheza, wenzake wamepungua, akikutwa na mtikisiko atakaa nje siku zisizopungua 11 na kuruhusiwa kucheza kuanzia siku ya 12, kwa mujibu wa utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2021, maana yake atakosa angalau mechi moja. Kwa Aliir mwaka 2023 mechi hiyo ilikuwa ile ya ugenini dhidi ya Geelong, wiki moja baadaye. Zaidi ya hayo, kiungo anachoombwa kukitolea ushahidi ndicho kilichopigwa. Mtu aliyeumia goti anaweza kukueleza hali ya goti lake kwa akili timamu. Aliyeumia ubongo anakueleza hali ya ubongo wake kwa ubongo uleule.

Baada ya mechi mambo yalikwenda haraka. Picha za marudio zilikuwa zimeonwa na kila mtu, maswali yakaulizwa, Aliir akawekwa katika utaratibu wa mtikisiko, na ligi ikafanya uchunguzi wake na kutangaza faini. Wapo waliosema dola 100,000 ni nyingi kwa kosa lililofanywa bila nia mbaya, na wapo waliosema ni chache kwa klabu inayoingiza mamilioni. Nadhani kiasi chenyewe si hoja kuu. Lililo muhimu ni kwamba klabu haikuadhibiwa kwa sababu Aliir alipata madhara. Iliadhibiwa kwa sababu hatua ilirukwa. Hata kama angeamka Jumapili akiwa mzima kabisa, kosa lingekuwa lilelile. Kama ligi ingesubiri madhara ndipo iadhibu, kila klabu ingeona faida ya kubahatisha.

Mwaka wenyewe nao uliipa ligi sababu ya kutokuwa na simile. Mwezi Machi 2023 kesi ya pamoja ilikuwa imefunguliwa katika Mahakama Kuu ya Victoria kwa niaba ya wachezaji wa zamani walioumia vichwa tangu mwaka 1985, ikiongozwa na Max Rooke, bingwa mara mbili akiwa na Geelong. Bunge la Seneti lilikuwa linaendesha uchunguzi kuhusu majeraha ya kichwa michezoni. Mwanzoni mwa Julai, wiki chache tu kabla ya dabi, ilitangazwa kwamba ubongo wa Heather Anderson, aliyekuwa mchezaji wa ligi ya wanawake na mwanajeshi, ulikutwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa ubongo unaohusishwa na mapigo ya kichwa ya kurudiarudia, ambao kwa kifupi huitwa CTE. Ugonjwa huo hauwezi kuthibitishwa kwa mtu aliye hai. Huonekana tu ubongo unapochunguzwa baada ya kifo. Alikuwa mwanamichezo wa kulipwa wa kwanza wa kike duniani kuthibitishwa kuwa nao.

Kabla yake walikuwapo wanaume. Graham Farmer, mmoja wa magwiji wakubwa wa mchezo huu, alitangazwa mwaka 2020. Mwaka huohuo familia ya Danny Frawley ilieleza kwamba naye alikutwa na CTE iliyofikia hatua ya pili. Frawley anahusika na kisa chetu kwa namna ya pekee: alikuwa beki wa mwisho, nahodha wa St Kilda, mtu aliyecheza mechi 240 akisimama mahali ambapo mipira mirefu na miili mizito hukutana. Katika enzi yake, mchezaji aliyegongwa kichwa alipewa maji, akaambiwa ajitingishe na kurudi kazini, na umma ukampigia makofi. Ukiitazama faini ya Port Adelaide bila kuijua historia hiyo, utaiona kama ukali wa kiofisi. Ukiijua, utaona ni kwa nini ligi haikuweza kumezea tukio lililofanana kwa sura na enzi ambayo sasa inaijibu mahakamani.

Kazi ya beki haikubadilika baada ya hapo, na majeruhi waliendelea kutoka katika safu hiyohiyo. Paddy McCartin, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza katika drafti ya 2014 kama mshambuliaji wa St Kilda, alikuwa ameshapoteza miaka kwa sababu ya mitikisiko mingi, akarudi kama beki wa Sydney, akacheza fainali ya 2022, akagonga kichwa tena Aprili 2023 na kulazimika kustaafu mwaka huohuo. Nathan Murphy, beki wa Collingwood, alitolewa mapema katika fainali ya 2023 kwa mtikisiko; wenzake walishinda na akavishwa medali ya ubingwa, lakini Aprili 2024, akiwa na miaka 24, alistaafu kwa ushauri wa jopo la madaktari. Ukilinganisha kisa cha Murphy na cha Aliir, utaona kwamba katika siku kubwa kuliko zote, ambapo shinikizo la kumrudisha mtu uwanjani lilikuwa kubwa kuliko la dabi yoyote, Collingwood walimtoa na bado wakatwaa kombe.

Hoja nzito ya upande wa utetezi, na ndiyo pekee ninayoona inastahili kujibiwa, ni ile ya daktari kumjua mchezaji wake. Daktari wa klabu anaijua sura ya Aliir akiwa amechoka, akiwa amekasirika, akiwa kimya kwa kawaida yake. Anajua ni yupi kati ya wachezaji hujibu polepole hata siku ya mapumziko. Maarifa hayo ni ya kweli na hayapatikani kwenye fomu. Lakini maarifa hayohayo ndiyo yanayompa mtu ujasiri wa kuona fomu ni ya ziada, na ujasiri huo ni mbaya zaidi kwa mchezaji shupavu, yule ambaye kila wiki ameonekana akianguka na kuinuka.

Desemba 2023, Msimamizi Mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jimbo la Victoria, John Cain, alitoa matokeo yake kuhusu kifo cha Shane Tuck, mchezaji wa zamani wa Richmond aliyefariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 38 na ambaye ubongo wake ulikutwa na CTE kali. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kupunguza mazoezi yenye migongano na kuweka madaktari wasio waajiriwa wa vilabu katika mechi. Pendekezo hilo la pili linagusa moja kwa moja yaliyotokea Adelaide miezi mitano kabla. Daktari wa nje hana habari na msimamo wa ligi wala na idadi ya waliobaki benchi. Upungufu wake ni kwamba hamjui mchezaji, na kwa hiyo anahitaji kuwa na jalada la matokeo ya kabla ya msimu mkononi pamoja na daktari wa klabu pembeni yake wa kumweleza. Mpangilio unaofaa ni wa wote wawili: yule wa klabu atoe maelezo, yule wa nje awe na neno la mwisho, na mchezaji akishaitwa nje kwa sababu ya kichwa, saa ya dakika 10 ianze kuhesabiwa na mtu wa ligi ili asiwepo wa kuikatisha. Aliir, ambaye aliendelea kuwa beki wa Port Adelaide katika misimu iliyofuata na bado anaruka kwa namna ileile, angenufaika na saa hiyo kuliko alivyonufaika na faini ambayo ilitozwa akiwa ameshaumaliza mchezo.